Mbigili: Jina Linalotolewa na Mguu

Kuna maneno ambayo mtu huyajua kwa mguu kabla ya kuyajua kwa mdomo. Mbigili ni mojawapo. Mtoto wa Singida, awe wa Ikungi, Iramba, Mkalama au Manyoni, hulipata neno hili siku anapokimbia pekupeku njiani, akasimama ghafla kwa mguu mmoja kama korongo. Dada yake anamgeuza wayo, anachomoa kitu kidogo kigumu chenye pembe, anamwonyesha. "Mbigili hiyo." Basi, somo limekwisha. Hakuna haja ya kamusi.

Nimekuwa nikiliwaza neno hili kwa muda, kwa sababu nimelisikia likitumiwa kwa watu. Na kila nikiliwaza narudi kwenye swali lilelile: tunapomwita mtu kwa jina la mmea wa miiba, tunasema nini hasa? Tunasema habari zake, au tunasema habari za mguu wetu?

Tuanze na mmea wenyewe, maana watu wengi wanaujua mwiba wake tu. Mbigili hausimami. Unatambaa. Mzizi wake mmoja unashuka chini sana kutafuta maji, na matawi yanasambaa juu ya udongo pande zote kama mtu aliyejilaza. Majani yake ni madogomadogo, yamepangwa mawili mawili kwenye kikonyo. Mvua za Novemba au Desemba zikishafika, mmea huu unachipua upesi, na baada ya wiki chache unatoa ua. Ua hilo ni dogo kuliko kifungo cha shati, la manjano, lina petali tano. Linachanua asubuhi, na jua likishakuwa kali linajifunga. Anayetoka nyumbani saa nne hajaliona vizuri. Anayetoka alfajiri na ng'ombe ndiye analiona, na huyo mara nyingi ana haraka.

Ua likianguka linaacha tunda, na hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Tunda la mbigili ndilo mwiba. Si kwamba kuna tunda na pembeni yake kuna miiba inayolilinda, kama ilivyo kwa mtula au dungusi kakati. Hapana. Tunda likikauka linapasuka vipande vitano, kila kipande kina pembe zake kali, na ndani ya kipande hicho kigumu zimo mbegu. Kile ulichochomoa kwenye wayo wako ni mtoto wa mmea akiwa safarini. Mbigili hauna mabawa ya kupeperushwa na upepo, wala hauna tunda tamu la kumvutia ndege. Una wayo wako, kwato za mbuzi na tairi la baiskeli. Ndiyo maana fundi baiskeli wa kijijini hakosi besheni la maji, kiraka na solusheni. Tyubu ikizamishwa na kutoa mapovu, anajua adui ni nani kabla hajamwona.

Lugha yenyewe inaonekana kulijua hili. Kamusi zinauweka mmea huu pamoja na miti mingine, mbigili na mibigili. Lakini mtaani tunasema "mbigili imenichoma", "mbigili zimejaa kwenye malapa". Mmea na mwiba vina jina moja, na aliyepewa nafasi ya kwanza ni mwiba. Sikumbuki kumsikia mtu akisema "tunda la mbigili" au "ua la mbigili". Vitu hivyo vipo, ila sentensi zake hazijapata wa kuzisema.

Kiswahili kina tabia nzuri ya kuuita mti kwa kile unachozaa. Embe hutoka kwenye mwembe, chungwa kwenye mchungwa, papai kwenye mpapai, nazi kwenye mnazi. Mti unaitwa kwa zawadi yake. Sasa mchukue ndugu wa mbigili kwa sifa mbaya, yaani mbaruti. Huu unasimama wima, majani yake ya kijani cha buluu yana mishipa myeupe na miiba pembezoni, ua lake ni kubwa, la manjano, laini kama karatasi, na ukikata kikonyo unatoka utomvu wa manjano. Ganda lake likikauka, lifungue uyamwage yaliyomo kiganjani: mbegu nyeusi, ndogo, za mviringo. Yeyote aliyewahi kuona baruti ya gobore ataelewa kwa nini jina hilo linaukaa vizuri. Kwa kanuni ileile ya mwembe na mchungwa, mbaruti ni mti unaozaa baruti. Tumeuita kwa matunda yake, na matunda yake tumeyaita vita.

Neno mbaruti lina safari nyingine ya kuvutia. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ile iliyotoka kamili mwaka 1952, wanalikuta katika Mathayo 7, pale Yesu anapouliza kama watu huchuma tini katika mibaruti. Sasa, mmea tunaouita mbaruti asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Linnaeus alipoupa jina la kisayansi mwaka 1753 aliuita Argemone mexicana. Ulivuka bahari kuja upande wetu wa dunia baada ya Wazungu kufika Amerika. Kwa hiyo aliyesikiliza hotuba ile kule Galilaya hakuwahi kuuona. Neno la Kigiriki lililoandikwa pale ni tribolos, yaani chenye ncha tatu, na kutokana na neno hilohilo mbigili ulipata jina lake la kisayansi, Tribulus terrestris, nalo la mwaka uleule wa 1753. Neno hilo liliitaja pia silaha: kipande cha chuma chenye ncha, kilichomwagwa njiani ili farasi wa adui akikanyage. Namna yoyote kitakavyoanguka, ncha moja inatazama juu. Aliyewahi kumwaga mbigili sakafuni anajua askari wale walijifunza kwa nani.

Siwalaumu watafsiri. Walitaka mmea ambao msomaji akiusikia atakunja uso, wakapata mbaruti. Lakini angalia jambo lililotokea mahali pengine. Neno lilelile la Kigiriki linarudi katika Waebrania 6, na humo Union Version haikuweka mbaruti wala mbigili. Imeweka magugu. Hatua hiyo ni fupi, tena inaeleweka, lakini ni hatua kubwa kimaana. Mbigili ni jina la mmea. Gugu si jina la mmea wowote. Gugu ni hukumu. Hakuna mbegu iliyozaliwa gugu. Mtama ukiota katikati ya shamba la alizeti unaweza kung'olewa kama gugu, na mtama huohuo ng'ambo ya mpaka ni chakula cha mwaka. Ukisema gugu umeeleza ulichotaka kupanda wewe. Hujaeleza kilichoota.

Majina ya mimea ya miiba yako njia moja na gugu, ila yamejificha zaidi, maana yanaonekana kama taarifa tu. Mbaruti huohuo Wahispania waliuita mbaruti mtakatifu, cardo santo. Wahindi wanaosema Kihindi wanauita satyanashi, mwangamizi. Nani mkweli? Mwaka 1998 mjini Delhi, mafuta ya haradali yaliyochanganywa na mafuta ya mbegu zake yaliua makumi ya watu na kuwavimbisha wengi wengine. Mwaka 2010 watafiti wakachapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa nchini Mali, ambako dawa ya kuchemsha ya mmea huohuo ilipewa wagonjwa wa malaria na ikawasaidia wengi wao. (Jamani, huu si wito wa kwenda kuchemsha mibaruti nyumbani.) Na mbigili tunaoupiga jembe hapa, huko mijini unauzwa kwenye makopo ya virutubisho vya wanamichezo, umeandikwa Tribulus, na bei yake si ya mchezo. Mmea haukubadilika kati ya Singida na duka hilo. Kilichobadilika ni nani anakutana nao, na kwa kiungo gani cha mwili.

Hata neno mwiba lenyewe, kwenye kurasa za michezo, limegeuka kuwa sifa. Mwandishi anaposema mshambuliaji fulani amekuwa mwiba kwa mabeki, mashabiki wa timu yake wanashangilia. Mabeki hawashangilii. Mwiba ni mmoja, wanaouhukumu wamekaa majukwaa mawili.

Sasa nije kwa mtu.

Katika kijiji kimoja cha Ikungi yuko mama mmoja ambaye watu humwita Mama Mbigili. Hakuzaliwa na jina hilo wala hana mtoto anayeitwa hivyo. Alilipata baada ya mumewe kufariki. Marehemu aliacha shamba la ekari tatu, ambalo yeye na mkewe walilifyeka wenyewe na kulilima alizeti kwa miaka mingi. Baada ya msiba, shemeji zake walimweleza kwa upole kwamba shamba ni la ukoo, akae nyumbani alee watoto, wao watalisimamia. Akakataa. Akaenda kwa wazee, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaenda baraza la kata. Akiambiwa aje wiki ijayo, anakuja wiki ijayo. Akiambiwa faili halionekani, anakaa kwenye benchi hadi lionekane. Ndipo shemeji mmoja akasema mbele za watu, "Huyu mama ni mbigili, ukimgusa tu umeumia." Watu wakacheka. Jina likakaa.

Nilipomuuliza analionaje jina hilo, alikuwa anapepeta mtama, hakusimamisha mikono. "Mwanangu," alisema, "mimi nimekaa palepale aliponiacha marehemu. Wao ndio wanaopita."

Jibu hili nimelibeba siku nyingi, na bado naliona kuwa na nguvu. Mbigili hauotei mahali popote tu. Unapenda udongo uliokanyagwa: vijia, kando ya barabara, karibu na zizi, malisho yaliyoliwa mpaka yakabaki vumbi. Pale nyasi ndefu zilipojaa, wenyewe unazidiwa. Maana yake anayekanyaga sana ndiye anayeuandalia kiwanja, kisha akichomwa analalamika. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mama yule asingekuwa mbigili kama pasingekuwa na njia iliyotaka kupitishwa juu ya shamba lake.

Na njia hiyo haikuanza kwa shemeji zake. Mwaka 1963 sheria za mila za urithi za jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba ziliandikwa na kutangazwa na serikali, na ndani yake mjane hakupewa fungu katika urithi wa mumewe iwapo marehemu ana ndugu wa ukoo. Alitakiwa kutunzwa na watoto wake. Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ambayo kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Lakini karatasi ya 1963 haikufutwa. Wajane wawili wa Shinyanga walipambana nayo mahakamani, kisha wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Huko kwao, sijui, pengine nao waliitwa majina. Mwanamke anayerudi ofisini mara ya sita huwa hakosi jina.

Hata hivyo, nisingependa kumaliza hapa kana kwamba shauri limekwisha. Kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito.

Mbigili inauma kweli. Mtoto anayechechemea hajali kama mmea ulikuwa na nia mbaya. Ukimwambia maumivu yake ni mtazamo tu, utakuwa unamdhihaki. Vivyo hivyo shemeji yule. Wengi waliocheka siku ile hawakujua kwamba alikuwa na mtoto mgonjwa, na alikuwa amepanga kulikodisha shamba lile apate pesa ya matibabu. Mama aliposhikilia, alilazimika kuuza ng'ombe wawili, na kwa mfugaji wa kwetu ng'ombe wawili si jambo la kusimulia kwa urahisi. Maumivu yake hayakuwa ya kubuni. Alikuwa na haki ya kusema "nimeumia".

Ila hakusema "nimeumia". Alisema "huyu ni mbigili". Kati ya sentensi hizi mbili kuna umbali ambao lugha hutuvusha bila sisi kusikia. Ya kwanza inaeleza jambo lililompata yeye, na yeye ndiye shahidi bora wa jambo hilo. Ya pili inaeleza yule mwingine alivyo, toka mizizi hadi mbegu, na kwa hilo maumivu yake si ushahidi. Mguu unaweza kushuhudia kwamba umechomwa. Hauwezi kushuhudia kwa nini mmea umeumbwa hivyo, wala kwamba asubuhi huwa unachanua.

Mtu atasema, basi tusiwaite watu waovu kwa majina yao? La, wapo watu wanaodhuru wengine, na kuwanyamazia si wema. Lakini tazama, anayedhuru kweli mara nyingi hana miiba. Mkulima wa mtama na uwele wa kwetu anaijua kiduha. Kiduha haichomi mtu. Ina kijiua kizuri, cha zambarau au chekundu, na ukiikuta shambani unaweza kudhani ni pambo. Chini ya udongo mizizi yake imekwisha kujishikiza kwenye mizizi ya mtama, inanyonya, na mkulima anapoliona ua, mtama wake umeshadumaa. Mmea mmoja unaacha maelfu ya mbegu zinazoweza kungoja ardhini miaka na miaka. Kama tungeita mimea kwa hasara inayoleta kwenye ghala, kiduha ingekuwa tusi zito kuliko mbigili. Mbona hatutukanani kwa kiduha? Nadhani ni kwa sababu haijawahi kutuchoma wayo. Tunamchukia haraka yule anayetusimamisha njiani. Anayetunyonya polepole tunaendelea kumpisha.

Ndiyo maana naona ule mfano wa Mathayo unahitaji kusomwa taratibu. Kipimo cha matunda ni kipimo kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini kinamtaka mpimaji afanye kazi: angoje msimu, afungue ganda, aangalie kilichomo ghalani. Sisi tunapenda kupima kwa miiba kisha tukasema tumepima kwa matunda. Na kwa mbigili mchanganyiko huo ni rahisi mno, maana mwiba na tunda ni kitu kimoja. Ukatili unaouona ndiyo namna yake ya kupeleka mbegu mbele. Mama yule ukali wake ulikuwa mwiba, sawa. Lakini ulikuwa pia ndiyo matunda yenyewe, yaani ada na daftari na mlo wa watoto watatu kutoka kwenye alizeti ile. Huwezi kuung'oa mmoja ukabaki na mwingine.

Shauri lile liliishia katikati. Alibaki na ekari mbili, moja akawaachia. Mtoto wa shemeji alipona. Siku hizi wanasalimiana, na kwenye msiba wanapika pamoja. Kilichobaki ni jina. Na jina nalo lina pembe: linajishikiza kwenye malapa ya anayepita, linasafiri naye, linadondoka mahali pengine na kuota. Mwaka juzi nilimsikia mtoto wa jirani akimwambia binti wa mwisho wa mama huyo, wakiwa njiani kwenda shule, "Wewe mtoto wa mbigili." Yule binti hajawahi kumnyima mtu shamba. Hata ekari zilizogombaniwa ni tatu au nne nadhani hajui. Aliyemtukana naye hajui. Limemfikia tu, kama mbigili inavyomfikia aliyekaa ndani, imeletwa sakafuni na kiatu cha mgeni.

Kwa hiyo, ninaposikia mtu anaitwa kwa jina la miiba, nimejizoeza kuuliza maswali mawili kabla sijacheka. Aliyelitoa jina alikuwa anapita kwenda wapi? Na huyo aliyeitwa, alikuwa amekaa wapi kabla njia haijafika? Majibu mengine yanamtetea mwenye mguu. Kuna watu wanaomwaga miiba njiani kwa makusudi, kama askari wale wa zamani na vyuma vyao. Majibu mengine yanamtetea mmea. Lakini huwezi kujua kama hujauliza, na jina likishatamkwa huwa linafanya kazi ya kutuzuia tusiulize.

Kuhusu yule binti, nilimwambia yule mtoto wa jirani amwite jina lake. Akaniangalia kama mtu aliyeombwa kitu kigumu, akamwita. Wakaendelea na safari yao ya shule, kila mmoja akitazama chini anapokanyaga, maana ilikuwa Machi na njia ilikuwa imejaa maua ya manjano.